Bodil Krog na Namba Mbili

Bodil Krog alihudumia wazee kwa miaka thelathini na mmoja, na muda wote huo sikumsikia akijisifu hata mara moja. Basi nitamsifu mimi, na akisikia atanuna wiki nzima. Nilifanya naye kazi katika nyumba ya wazee ya Harringby, magharibi kabisa mwa Jutland, huko Denmark, ambako upepo haupumziki na watu hawasemi sana.

Sisi wa huku tuna ugonjwa mmoja: kujikaza kisabuni. Mtu akishinda bahati nasibu atakuambia si haba. Akikatwa mguu atakuambia vilevile, si haba. Ukitaka kujua lipi limempata, mtazame, usimsikilize. Wengi wetu tunajua hilo lakini tunachoka kutazama. Bodil hakuchoka.

Zamani, kila saa tisa alasiri, zamu ya asubuhi na zamu ya jioni tulikaa pamoja kwa kahawa tukapeana habari za wazee kwa mdomo. Bodil alikuwa na maneno machache. Alisema tu, kwa mfano, kwamba leo Kresten amekubali kuvalishwa soksi, na sote tuliweka vikombe chini. Kresten Gade alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, amekula chumvi miaka themanini na tisa, na kila asubuhi aligombana na Bodil juu ya soksi zake kana kwamba anaibiwa. Akinyamaza, ujue kuna jambo. Muuguzi aliitwa papo hapo, na kila mara alikuta kweli lipo.

Kisha manispaa ikatuletea kompyuta. Sisemi ni mbaya, na anayesema hivyo hakuwahi kusoma mwandiko wa madaktari wetu. Tangu zije, hakuna mzee aliyepewa vidonge mara mbili wala aliyesahauliwa. Lakini kwa kuwa sasa kila kitu kilisomeka kwenye kioo, kikao cha kahawa kilifutwa. Kila mtu akawa anaingia zamu, anasoma, anaenda zake.

Bodil aliiogopa ile mashine. Aliigusa kwa kidole kimoja, kama anayejaribu pasi kama imepata moto. Alijaza visanduku alivyoambiwa ajaze, na ile nafasi kubwa nyeupe ya maelezo iliyokuwa chini yake hakuigusa kabisa. Kisanduku kimoja kilikuwa cha maumivu: muulize mzee, kutoka sifuri, yaani hayapo, mpaka kumi, yaani hayavumiliki, uandike jibu lake.

Kresten alikuwa na saratani iliyoingia kwenye mifupa ya mgongo. Kila asubuhi Bodil alimuuliza, na kila asubuhi alijibu mbili. Siku moja machozi yalimtoka akigeuzwa kitandani, na bado akasema mbili. Bodil, mtu mwaminifu hata pale uaminifu unapoumiza, akaandika alichoambiwa.

Daktari alikuwa akija Alhamisi moja, anaruka moja. Alikuwa kijana mwema kutoka mashariki, kwenye watu wanaosema. Alifungua rekodi ya Kresten akakuta mbili, mbili, mbili, mstari umenyooka kama rula, akafurahi. Mofini, dawa yake ya maumivu, ilikuwa inamlevya mzee na kumfunga choo, kwa hiyo akaipunguza nusu. Akasema akirudi akikuta hali ni hiyohiyo, ataiondoa yote. Simlaumu. Alisoma alichoandikiwa.

Wiki ya pili Kresten akaacha kubishana juu ya soksi. Bodil akaenda kwa Signe, muuguzi mkuu, akamweleza. Signe alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia ukweli bila ukali: "Mimi nakuamini, dada. Lakini daktari anapita hapa dakika kumi, anasoma rekodi. Kama haimo mle, kwake haijatokea." Hiyo ilikuwa Jumanne. Daktari alikuwa anakuja keshokutwa.

Nilimkuta Bodil kwenye chumba cha kufulia, amesimama katikati ya mashuka, analia. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona hivyo.

"Nimemwandikia mbili mwezi mzima," aliniambia. "Mimi, na kidole changu."

Nilijitolea kumwandikia. Alikataa. Zamu ilipokwisha alikaa mbele ya kompyuta, akapiga moyo konde, akaanza kutafuta herufi moja moja. Nilimletea kahawa ikapoa. Ilimchukua karibu saa mbili kujaza mistari michache katika ile nafasi nyeupe, nami naikumbuka mpaka leo: "Anasema mbili. Jumatatu amekubali nimvalishe soksi, hakubisha. Leo pia. Chakula harudishi wala hali, anakitazama. Nikimgeuza anashika ukingo wa kitanda mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Namjua miaka minne. Hii si mbili."

Siku hizi kila mhudumu wa Harringby anaandika chini ya namba kile alichokiona kwa macho. Waliofika juzi wanadhani utaratibu huo ulikuja pamoja na mashine. Bodil hajawasahihisha, na mimi nimekatazwa.

Lakini Jumanne ile alikuwa hajamaliza. Rekodi ni ya mzee mwenyewe, ana haki ya kuisoma, na Bodil hakuwa mtu wa kumsema mtu nyuma ya mgongo wake. Jumatano asubuhi aliibeba kompyuta ndogo mpaka chumbani kwa Kresten, akamsomea yote. Nilikuwepo, natandika kitanda cha mwenzake.

Kresten alipandwa na hasira mpaka masikio. "Umeniandika kama mtu wa kulialia."

"Nimeandika nilichoona, mzee."

"Nilikwambia mbili."

"Ulisema, na ipo, ile pale juu kabisa. Kesho daktari akiiona peke yake anaondoa dawa yote." Akaisogeza kompyuta karibu naye, kidole chake kiko juu ya kitufe cha kufuta. "Niambie nimeandika uongo, nifute sasa hivi mbele yako. Sitakuuliza tena."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa na hamu kubwa ya kumkumbusha. Namshukuru Mungu nilifunga mdomo. Kresten alitazama dirishani kwa muda mrefu, akatazama mikono yake. Bodil hakumhimiza wala hakumshika bega. Alingoja tu, kidole kimesimama palepale.

"Nane," akasema hatimaye. "Lakini binti yangu asijue."

Bodil akaandika nane, na kesho yake daktari akarudisha dawa yote na kuiongeza. Lakini asubuhi ile ya Jumatano, mara tu baada ya kuandika, Bodil aliniomba nitoke kidogo. Mzee alikuwa ameanza kulia kwa sauti, na mtu mmoja wa kumwona alitosha.