Mtungi Mweusi wa Bosi

Enzi zetu, sisi watoto wa mtaa wa Bellevue, likizo haikuwa ya kukodolea simu macho. Ulimfuata mama kazini, basi. Mama yangu, Mtanzania wa Morogoro aliyehamia huku kutafuta kazi, alifanya usafi kwenye jumba moja la shambani, mbele kabisa ya kitongoji cha Diepsloot. Bosi, mzee wa Kizungu, alikusanya mitungi ya kale ya udongo mgumu. Mingi ilikuwa ya buluu, yenye vijisanamu vya watu weupe waliojitanda mashuka, nusu uchi, wanacheza ngoma bila haya. Mimi na dada yangu tuliwapa majina ya wazee wa kanisa letu, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

"Ole wenu mguse!" mama alituonya. "Kazi hii ikipotea, tutakula nini?"

Sasa, mtungi mmoja ulikuwa mweusi tii, hata wacheza ngoma wake. Kwetu, ukirudisha sufuria rafuni na masizi, ulikiona cha mtema kuni. Nikajua mama kapitiwa, na bosi akiona atamfukuza. Mama alipotoka kuanika nguo, nikachota majivu, nikachukua waya wa kusugulia sufuria, nikasugua kwa moyo wote. Masizi hayakutoka. Ilitoka pua ya mcheza ngoma mmoja.

Mama aliporudi alishika kichwa. "Wewe mtoto, umeniua!" Nililia kweli, maana nilijua nimemponza. Akaugeuza mtungi haraka, upande mbovu ukaangalia ukuta. Lo! Upande wa pili nao ulikuwa na ufa mrefu, umezibwa kwa gundi na kupakwa rangi ya viatu.

Hapo hapo akaingia madamu, mke wa bosi. Akauona ufa, uso ukamwiva. Kisha akafunga mlango, akanong'ona, "Tafadhali, mume wangu asijue." Kumbe aliuangusha yeye, miaka mingi nyuma! Mama naye akamwonyesha pua niliyoing'oa. Wakaangua kicheko wote wawili, wakauweka mtungi kiubavu, kishikio chake kikawatazama wageni. Bosi aliusifia hivyo hivyo mpaka alipozikwa.

Leo nakaa Randburg. Juzi mwanangu kapasua TV. Alinitumia picha nikiwa ofisini, na maneno mawili matatu: "Eish, sorry Mama." Hakuigeuza ukutani, hakuitupia hata shuka! Vijana wa siku hizi, hata uongo wanauonea uvivu. Nilirudi nimevimba, nikamkuta anakula mkate, hana habari. Nilitamani kumfichia, kama mama alivyonifichia. Ila wa kufichwa kosa sasa ni mimi mwenyewe, mwenye TV, na mama hayupo tena wa kunicheka.