Anayetusemea
Katika wodi yetu ya waliopasuliwa taya, meno yamefungwa waya, kwa hiyo muuguzi huuliza na kujijibu. “Koo linauma, eti? Mpira wa kupumulia ulikukwaruza, pole mwanangu.” Hunidondoshea maji baridi ndani ya shavu kwa bomba la sindano, na mdomo wake hufunguka kana kwamba anayekunywa ni yeye. Kichefuchefu kikinipanda, huninyanyua nikae, mkono mmoja mgongoni, mwingine kwenye koleo la kukatia waya, nisije nikapaliwa na matapishi. “Pumua kwa pua. Haya, kimeshuka.” Husema hivyo kabla hakijashuka, nacho humtii. Jana zamu ilipoisha, bintiye alimpigia simu, sauti ikatufikia vitandani ikisimulia jambo refu kwa furaha. Mama mtu, ameegemea ukuta, macho kayafumba, akajibu, “Mm.” Kisha tena, “Mm.” Meno yake hayakuachana.