Sifuri Iko Juu

Siku yangu ya kwanza kufundisha chuo kikuu nilikabidhiwa katoni la sabuni. Mratibu wa kituo cha chuo, mtu wa maneno machache aliyekuwa na chumba kimoja cha ofisi pale Kawajense, mjini Mpanda, alilisukuma kwangu kwa mguu. Ndani mlikuwa na vijitabu vya kemia ya utangulizi na kanda sita za kaseti.

"Chuo chenyewe ndicho hicho, Mwalimu," akasema. "Kibebe vizuri, kamba imelegea."

Ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa, nami nilikuwa mwalimu wa kemia wa sekondari. Nyie vijana leo mnaita masomo mseto, mnafungua kompyuta na kulalamika mtandao unasuasua. Mseto wetu ulikuwa huu: mwanafunzi anasoma kijitabu kwake kijijini, anasikiliza sauti ya mhadhiri kwenye kaseti, betri zikichoka anazianika juani, na kila baada ya miezi kadhaa anakuja mjini tukutane ana kwa ana. Cheo changu kiliitwa mwalimu mlezi. Nilikuwa na wanafunzi wanne, wote watu wazima wenye kazi zao.

Mmoja alikuwa Yustina, mwalimu wa shule ya msingi kule Mamba. Alikuja juu ya lori la mpunga, akashuka na vumbi hadi kwenye kope, na kabla ya kunisalimia akauliza, "Mwalimu, hiyo bureti inayosemwa kwenye kaseti iko wapi?"

Haikuwepo. Bureti ni bomba jembamba la kioo lenye alama za vipimo na koki chini. Ukifungua koki, asidi inadondoka kwenye chupa ya besi, kinyume cha asidi, mpaka kiashiria kibadilike rangi, nawe unasoma umetumia kiasi gani. Kazi hiyo inaitwa titresheni, na bila kuifaulu huvuki kozi ya awali. Za kwetu zingeletwa na mtahini mwenyewe, kwa treni, siku tatu kabla ya mtihani.

Mimi si mtu wa kukaa na kusubiri treni. Nilikwenda kwa bwana mifugo nikamwomba mabomba ya sindano, yale makubwa ya kuchanjia ng'ombe wa wafugaji waliotoka kaskazini. Nikayachemsha, nikatoa sindano, nikampa kila mwanafunzi lake. Asidi ilikuwa ndimu, besi maji ya majivu, kiashiria maji ya choya, lile ua jekundu la kutengenezea juisi: yakiwa mekundu kuna asidi, yakigeuka kijani besi imezidi. Kwa miezi minane walifanya mazoezi majumbani kwao. Yustina aliniandikia kuwa anaweza kulisimamisha tone kwenye ncha ya bomba na kulizuia lisianguke. Nilijisifu sana, nisiseme uongo.

Treni ilichelewa siku mbili na nusu. Mtahini Mkuu aliteremka na masanduku yake jioni, na asubuhi mtihani ukaanza. Wanafunzi wangu wakashika bureti kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wanasahihishwa. Nilisimama mlangoni nikimtazama Yustina. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa. Alirudia mara tatu, na mara zote rangi ilibadilika kwa tone moja tu.

Mtahini akaangalia karatasi yake, akaangalia bureti, akaniita pembeni.

"Bureti inasema ishirini na nne nukta sita. Yeye kaandika ishirini na tano nukta nne. Huyu mama anasoma kutoka chini kwenda juu: kashika ishirini na tano, akahesabu vistari vinne kupanda. Nani kamfundisha?"

Bomba la sindano sifuri yake iko chini, kwenye ncha, na namba zinapanda. Bureti sifuri yake iko juu, namba zinashuka. Nililijua hilo tangu shule, lakini katika miezi yote ile halikunijia akilini kulisema.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Kosa ni langu."

"Naamini. Lakini nasahihisha karatasi, sisahihishi walimu."

Wenzake watatu walihangaika na koki, lakini wawili kati yao walifuata namba za kwenye kioo zinavyoshuka, wakapita; wa tatu koki ilimshinda. Yustina akafeli. Mwalimu mkuu wake alikuwa ameshamwambia kwamba ruhusa ile ndiyo ya mwisho, na Yustina alikuwa amejiwekea nia ya kufundisha sekondari. Nilimkuta amekaa juu ya mfuko wake akingoja lori, nikaanza kuomba radhi.

"Mwalimu, sitaki pole," akanikatiza. "Mimi nataka bureti."

Nilirudi mbio kwa Mtahini Mkuu kabla hajapanda treni, nikamsumbua mpaka akaniachia moja kwa kusaini. Nikaifunga kwenye blanketi, nikapanda lori moja na Yustina hadi Mamba. Nikamweleza mwalimu mkuu mbele ya walimu wake wote kwamba aliyefeli ni mimi. Alinikemea kama mtoto, nikakubali. Mwishowe akatoa ruhusa nyingine. Mwaka uliofuata Yustina alifaulu, na bureti ikarudi Mpanda bila ufa.

Siku hizi nimestaafu, nalima mahindi Magamba. Majuzi Yustina aliniita kwenye maabara yake ya sekondari. Ukutani ameandika kwa rangi nyekundu SIFURI IKO JUU, na chini yake linaning'inia lile bomba la ng'ombe.

Mwanafunzi mmoja akauliza lina kazi gani.

"Lilinipotezea mwaka," Yustina akasema, "na ndilo lililonituliza mkono. Shika hili na bureti, soma vyote viwili." Kisha akanigeukia na bureti nyingine. "Na wewe, Mwalimu. Soma, tusikie."

Nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti, nikianzia juu.