Sanda Tuliyoipeleka Mtoni

Aliyemfunga mpwa wangu ni mimi. Jaji alisoma hukumu tu.

Sisemi alikuwa mtoto mwema. Tangu mama yake, dada yangu, afariki, kijana huyu alikuwa balaa pale Temeke. Shule ilimfukuza, majirani walinichosha kwa malalamiko, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Alikuwa na miaka kumi na sita. Mchana mmoja mgema wa Mtoni alimfuata hadi uani kwetu, panga mkononi, akidai kaibiwa madafu. Akamkata begani. Mpwa wangu, mgongo ukutani, aliokota mchi wa kinu akampiga mara moja kichwani. Mke wangu aliyaona yote. Mgema hakuinuka tena.

Wakati huo nilikuwa karani wa wakili mmoja wa Kihindi mjini. Miaka kumi nilinakili mashauri ya watu, nikajua vizuri maneno ya mshtakiwa yanavyoweza kumponza. Lakini siku ile ukarani ulinitoka kichwani. Nilifanya ambavyo baba yangu angefanya: nikanunua sanda, nikamshika kijana mkono, tukaenda Mtoni kwa mama wa marehemu kabla polisi hawajatufikia.

"Mshike miguu," nilimwambia. "Mwombe radhi."

"Mjomba, mwanawe ndiye aliyetaka kuniua mie!"

"Najua. Piga magoti."

Akapiga. "Mama, nimekukosea. Nimekuulia mwanao. Nisamehe." Yule mama alilia, akamwekea mkono kichwani, akaipokea sanda. Mimi nikajiona mtu mzima mwenye adabu zake. Polisi walimkamata pale pale, msibani.

Wakili wangu alimtetea kwa moyo wote. Alionyesha kovu la begani, akaonyesha panga, akamwita mke wangu atoe ushahidi. Alisema mtu aliyebanwa ukutani ana haki ya kuiokoa roho yake. Nilidhani tumeshinda. Ndipo mwendesha mashtaka, Mwingereza mwenye sauti ya upole, akauliza: kama kijana alijitetea, alimkosea nini yule mama? Na mtu asiye na kosa hupeleka sanda ya nini?

Mama wa marehemu alijaribu kueleza kuwa kwetu ndivyo watu wanavyofanya, hata kwa ajali. "Bwana Jaji, mie nilishamsamehe," alisema. Hilo nalo likageuzwa kuwa ushahidi wa kosa. Wazee watatu wa baraza, waliokaa na jaji kumshauri, wote walisema kijana hana hatia. Jaji akawashukuru, kisha akamtia hatiani kwa kuua kwa kukusudia, maana sheria ilimtaka awasikilize tu. Kwa umri wake hakunyongwa. Alifungwa mpaka itakapompendeza Gavana, na Gavana hakuwa na haraka ya kupendezwa.

Hasira zangu hazijaisha mpaka leo. Ninao uchungu na jaji, na yule mwenye sauti ya upole, na zaidi ya wote na nafsi yangu.

Nilipokwenda gerezani kumwona mara ya kwanza, alikuwa ametulia. Miaka yote nilikuwa nikimwomba Mungu ampe utulivu ule, na sasa uliniuma. Aliniamkia shikamoo, akauliza habari za nyumbani. Kisha akainamisha kichwa.

"Mjomba, jana nilimmwagia mwenzangu uji wa moto mguuni, bahati mbaya tu. Sikumwomba radhi. Nimefanya vizuri?"