Baraza Lililozibwa Kama Boti

Mimi kwa kuchungulia ya watu sijambo, wala sikatai. Kwa hiyo asubuhi ile nilipomwona Bonaventura amelala chali chini ya baraza la mbao la jirani yangu Winfrida, na hakuna aliyemwita, nilivuka uzio hata chai sijamaliza.

Huyu Bonaventura ni mzaliwa wa Simbo, fundi wa boti kule Kibirizi mwaka wa ishirini na mbili sasa. Maneno machache, ubishi mwingi. Kwenye nyumba ya mtu amewahi kujenga baraza moja tu, hilo hilo. Winfrida alimwomba kwa ajili ya mama yake, Bi Catherine, ambaye miguu imemgomea na mteremko wetu wa Buzebazeba hauwezi tena. Alitaka tu akae nje aone ziwa. Basi Bonaventura akapigilia boriti ya kubeba sakafu ukutani kwa misumari, na pale boriti inapokutana na ukuta akaziba kwa pamba iliyolowa mawese, kama wanavyoziba boti. Tone halipiti. Tulimsifu mpaka akaona haya.

Sasa huko chini anatafuta nini? Nilimuuliza. Akanieleza, macho habandui kwenye mbao, kwamba juzi alibomoa boti kuukuu iliyokaa nchi kavu msimu wote wa mvua, imejaa maji. Nje mbao nzima, ndani uji. Tangu hapo hajatulia. Boti inazibwa maji yasiingie, lakini mvua ya ukutani inateremka kutoka juu, na ikishapenya nyuma ya boriti, ile pamba inaizuia isitoke.

Akaomba bisibisi. Nikakimbia kuileta, maana na mimi nilishataka kujua. Akaisukuma kwenye boriti taratibu tu, ikazama hadi mpini. Jamani! Juu yetu Bi Catherine alikuwa ameketi, anapukuchua maharage.

Angeweza kuliziba lile tundu akaenda zake, mimi ningemwambia nani? Alipanda, akamwamkia, akambeba yeye na kiti chake hadi ndani. Kisha akaivuta boriti kwa mikono. Ikabanduka na misumari yake, kutu tupu.

Winfrida alitoka anafoka kwamba atatafuta fundi mwingine, fundi wa nyumba. Nami nilikuwa na hasira, nikamwunga mkono. Bonaventura akakubali atafutwe. Akaomba tu huyo mwingine aambiwe bolti zipite ukuta mzima, nafasi ya kidole iachwe kati ya boriti na ukuta maji yashuke, na nguzo ziwekwe upande wa nyumba pia, ukuta usibebe mzigo peke yake.

Bi Catherine alikuwa anasikiliza mlangoni.

"Mbao hii imeanza kuoza lini?"

"Tangu mvua ya kwanza, mama. Nyie mlikuwa bado mnanisifu."

Bi Catherine akamgeukia binti yake.

"Ajenge huyu huyu. Mwingine asingerudi."