Fundi Mussa na Kuku wa Bi Mwanahalima

Fundi Longino wa Kibiti alikuwa na maneno matamu kuliko asali ya nyuki wadogo, na hapo hasengenywi mtu, mwenyewe alikuwa akikubali. Pikipiki ikimshinda, atakwambia chuma chake kibovu. Ikipona, atakuonyesha kiganja, eti kina baraka. Kwao ni Mahenge, huko kwenye milima na kanisa kubwa. Mkewe Zawadi na binti yao Deodata, mtoto wa miaka kumi, walikuwa wakiishi Ifakara, naye alishuka pwani peke yake kutafuta riziki.

Siku aliyofika Kibiti na sanduku lake la spana, miaka minne sasa, mwenye kibanda cha gereji alimwuliza jina. Longino akatazama kushoto akaona kofia, akatazama kulia akaona kanzu, akajisemea moyoni: nani atamwachia pikipiki mgeni mwenye jina la kipadri? Jamani, hakuna aliyemtisha. Hakuna hata aliyemwuliza dini. Uoga wake mwenyewe ndio uliomjibia.

"Naitwa Mussa," akasema.

Basi likawa hilo. Ijumaa wenzake wakielekea msikitini, fundi Mussa alikuwa na injini ya haraka. Jumapili wachache wa kanisani wakipita na vitabu vyao vya nyimbo, alikuwa na injini ya haraka vilevile. Ramadhani ikiingia, mchana alikuwa akitafuna chapati nyuma ya rundo la matairi, na magharibi akikaa mkekani na majirani kufuturu, akishika tende kwa vidole viwili na kushusha pumzi ndefu kama mtu aliyeshinda na njaa. Na kila Jumapili jioni simu ya Zawadi ikilia, alikuwa na jibu.

"Umesali leo, Baba Deo?"

"Nimesali. Padri amewasalimu."

Mwaka wa pili akajiunga hadi na kwaya. Kwa simu hiyohiyo.

Likizo ya mwezi wa sita akawaita mkewe na mtoto waje kupumzika. Aliwaahidi hoteli ya kando ya mto, viboko wakipiga miayo chini ya dirisha, na kitanda chenye chandarua cha duara. Walipofika akawaambia hoteli imejaa wageni. Ukweli ni kwamba hakuwahi hata kulisogelea geti lake. Siku mbili wakalala watatu katika chumba kimoja nyuma ya gereji, nguo zao zote zikanuka girisi, na nje mvua isiyo ya msimu ikanyesha kama iliyotumwa. Deodata alimaliza kusoma kalenda ya ukutani, akaanza upya kuanzia Januari.

"Hii ndiyo likizo?" Zawadi aliuliza, bila hasira. Ingekuwa hasira, Longino angejua la kujibu.

Siku ya tatu alimwendea Ismaily, mteja wake, mtu wa huko delta mwenye boti ndogo ya injini pale Nyamisati. Ismaily alikuwa na moyo mweupe. Akasema twendeni, fundi wangu, leo watu wako watawaona viboko mpaka wawachoke.

"Karibu shemeji!" alimpokea Zawadi bandarini. "Mume wako huyu, Mussa, ametuokoa wengi."

Zawadi akageuka taratibu. "Mussa ndiye nani?"

"Jina la kazini tu," Longino akasema haraka. "Mafundi wote tuna majina ya kazini."

Zawadi akampa mgongo. Alimfunga mtoto kanga mabegani wakaingia botini.

Walikuwa wameshaingia katikati ya mikoko, bila kuona hata kiboko mmoja, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Ismaily akainama kuitazama. Longino alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

"Niachie mimi."

"Hii ya majini, fundi. Ina tabia zake."

"Injini ni injini."

Akafungua plagi, akaipuliza, akaifuta kwenye suruali, akainyanyua juu mkewe aone namna wanaume wanavyofanya kazi. Ikamponyoka. Chubwi.

"Una ya akiba?" Longino akauliza kwa sauti ndogo.

"Hiyo ndiyo ilikuwa ya akiba," Ismaily akajibu.

Wakasukuma boti kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, mpaka kwenye shamba la mpunga la mama yake Ismaily, Bi Mwanahalima. Wakati huo wa mpunga kukomaa, mama yule alihamia huko shambani, akakaa kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, akifukuza ndege na ngedere kwa kugonga debe. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alipoona wageni wamelowa na tope mpaka magotini, alitupa debe akashuka ngazi.

"Mama, huyu ndiye fundi Mussa ninayekuhadithia," Ismaily akasema. "Mstaarabu, hana makuu." Kisha akachukua mtumbwi wa jirani kwenda kijiji cha pili kutafuta plagi. Akaahidi kurudi maji hayajakupwa.

Bi Mwanahalima aliwapa kanga kavu na uji wa moto. Akamwuliza Deodata darasa analosoma. Akamcheka Zawadi alivyokaa kwa woga juu ya dungu, kisha akamshika mkono kama bintiye. Mvua ikakatika. Upepo ukapita juu ya mpunga, shamba zima likalala na kuamka. Deodata akapewa debe agonge, naye akagonga mpaka ndege wa kule Utete wakasikia. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu washuke kwenye basi. Longino akaanza kujiambia kwamba likizo imepona, na kwamba yeye ndiye aliyeiponya.

Ndipo Bi Mwanahalima akatoka uvunguni mwa dungu na jogoo mwekundu mkononi.

"Siku nyingi sijapata wageni," akasema. "Mchana huu mtakula kuku. Mwanamume leo ni wewe peke yako. Hebu tuchinjie, mwanangu."

Akampa kisu.

Asiyekaa na watu wa pwani atadhani ni jambo dogo, kuku na kisu. Si dogo. Kuku aliyechinjwa na Mwislamu kwa jina la Mwenyezi Mungu huliwa nyumbani mle na kila mtu. Aliyechinjwa na asiyekuwa Mwislamu, kwa mama yule ni sawa na mzoga. Wakristo wa Kibiti wanalijua hilo hata wakiwa usingizini. Wakiwa na wageni Waislamu humwita jirani achinje, na hakuna anayenuna.

Longino alilijua. Alisimama na jogoo kwapani na kisu mkononi, kijasho kikamtoka kwenye ndevu. Akichinja, mama aliyewavua nguo zilizolowa angekula asichokila, na asingejua mpaka kufa. Akikataa, Mussa amekwisha, mbele ya mama huyu, mbele ya Ismaily, mbele ya Kibiti nzima. Na mbele ya wawili waliokuwa wamekaa ngazini wakimtazama.

Jamani, nisimfiche. Alichuchumaa. Alimlaza jogoo, akamgeuzia shingo kibla kama alivyoona wenzake wakifanya. Midomo ilianza kutafuta maneno. Kule ngazini Zawadi akasimama.

"Baba," Deodata akaita. "Si ulisema kwa Waislamu sisi hatuchinji?"

Mtoto hakuwa na ubaya. Alikuwa anakumbusha, kama anavyokumbushwa mtu aliyesahau kofia. Longino akalegeza mkono. Jogoo akajichomoa, akakimbilia mpungani.

"Mama," Longino akasema, bado amechuchumaa, macho kwenye udongo. "Mimi si Mwislamu. Wala siitwi Mussa. Naitwa Longino. Nimebatizwa Mahenge."

Bi Mwanahalima akanyoosha mkono, akachukua kisu, akakisuuza kwa maji ingawa hakikuwa na damu, akakichomeka kwenye makuti.

"Nani alikwambia Kibiti tunauliza dini ya spana?"

"Hakuna, mama."

"Ulishawahi kutuchinjia?"

"Hapana, naapa. Ila nimefuturu na watu. Sijafunga hata siku moja."

"Futari tunampa hata mpita njia anayesubiri gari la Bungu," akasema. "Tungekupa. Ulikuwa na haja gani ya kujifanya umekauka koo?" Sauti yake ikashuka. "Lakini hili la kisu, ungelifanya, ningekula. Na mwanangu angekula. Hilo nisingekusamehe, nakwambia mbele ya mkeo."

"Najua."

"Hujui. Ndiyo maana ulichuchumaa."

Akaondoka kwenda kuangalia chungu. Longino akageuka, akakutana na uso wa Zawadi, akatamani abaki na ule wa Bi Mwanahalima.

"Na padri aliyekuwa akitusalimu?" Zawadi akauliza.

"Simjui hata jina."

"Kwaya?"

Longino akatikisa kichwa.

"Mimi kila Jumapili naomba kwa ajili ya kwaya yenu," Deodata akasema. "Nimewaambia hata katekista. Nilisema wewe unaimba sauti ya nne." Akafikiri kidogo. "Basi nilikuwa nawaombea watu gani?"

Longino, yule wa maneno matamu kuliko asali, akakaa chini kwenye tope, akafunika uso kwa kanga ya kuazima.

Mchana wakala wali wa mpunga mpya na samaki mkavu wa nazi. Bi Mwanahalima aliandaa sinia moja, wote wakakaa. Yeye akasema bismillahi yake polepole, akamega tonge, akaona wenzake hawajanyoosha mkono.

"Nanyi semeni ya kwenu. Chakula kinapoa."

Zawadi akamtazama mumewe. Hakumsaidia. Deodata naye akasubiri, mikono ameshaikutanisha.

Longino akapeleka mkono kwenye paji la uso kuanza ishara ya msalaba. Mkono ule ulikuwa mzito kama wa kuazima. Aliufikisha kifuani, akasahau bega la kwanza ni lipi, Deodata akamnong'oneza, "Kushoto, baba." Bi Mwanahalima alitazama pembeni kwa adabu.

"Baba uliye mbinguni," akaanza, akakwama. Alizoea kumweleza Mungu mambo makubwa ya kumpendeza, kama anavyoeleza wateja. Sasa hakukuwa na la kumpendeza mtu. "Nashukuru kwa wali huu. Nashukuru kwa huyu mama, sikustahili hata maji yake. Nashukuru jogoo amenikimbia. Mimi nimekukana kwa sababu ya pikipiki, Bwana, wala hakuna aliyeniomba nikukane. Sijui niseme nini tena. Usiniache, wala usiwaache hawa wawili walioniamini." Zawadi ndiye aliyesema amina. Walikula, na wali ule ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililozidi kumchoma, kwamba bado alikuwa anapewa.

Alasiri Ismaily akarudi na plagi mpya akiinyanyua kama kombe.

"Mussa! Hii usiiguse, nakuomba!"

Akacheka mwenyewe, akaona hakuna mwenzake anayecheka. Longino akamtazama Bi Mwanahalima, akitumaini angesema yeye, kwani akina mama huwasemea watoto. Bi Mwanahalima alipanda ngazi, akashika debe, akawageuzia mgongo.

Basi Longino akashuka mpaka kwenye maji, akasema mwenyewe. Alisema yote, na chapati za nyuma ya matairi, na kisu. Ismaily alisikiliza akiwa ameshikilia ukingo wa boti. Tabasamu likamtoka usoni kidogokidogo mpaka likaisha.

"Kisu ulikishika?"

"Nilikishika."

"Kwa mama yangu."

"Kwa mama yako."

Ismaily akafunga plagi kwa mikono yake. Akawapakia Zawadi na mtoto kwa heshima zote, akawatandikia turubai pakavu, akamwita Zawadi shemeji kama asubuhi. Longino alipotaka kupanda, alimwonyesha omo, mbele kabisa, kwenye pondo.

"Kaa pale, Longino. Maji yanakupwa, boti itagusa tope. Utasukuma."

Ilikuwa mara ya kwanza katika nchi ile mtu kumwita kwa jina lake, na lilimwingia kama kofi. Akashika pondo, akasukuma, tope likimrukia kifuani, mkewe na binti yake nyuma yake wakimwona mgongo tu. Hakugeuka. Alikuwa akisukuma na huku midomo ikisema kitu, na safari hii hakuwa akimwambia mtu yeyote aliyekuwa botini.