Redio Iliyopiga Kelele Nyalukemba

Ujumbe wa familia husomwa redioni jioni, baada ya habari. Watu waliokimbia bonde la Ruzizi huacha maneno yao kituoni, na mtangazaji huyasoma moja baada ya jingine. Tangu simu zilipokatika kule Luvungi, katika bonde hilo, Papa hakukosa hata jioni moja. Dada yake mkubwa alikuwa huko, yeye na bwana yake na wajukuu.

Mimi nilikuwa na maswali. Nani anathibitisha ujumbe huo? Umeandikwa lini? Papa alinijibu, "Maman," maana ndivyo anavyoniita mimi binti yake, "wewe ulisomea kuuliza. Miye nasikiliza."

Shida ilikuwa huko kusikiliza. Redio yake ya betri, ya sanduku la mbao, ina umri mkubwa kuniliko, na hapa nyumbani Nyalukemba ni hiyo tu inayoshika kituo hicho. Potansiometa, kile kidude nyuma ya kitufe kinachopandisha na kushusha sauti, ilikuwa imechakaa. Ukiigusa inakwaruza, ukiiacha sauti inapotea katikati ya jina la mtu. Jioni moja tulisikia, "...wa Luvungi, anajulisha..." kisha kimya. Papa alilala na nguo za kazi.

Kesho yake niling'oa potansiometa kwenye redio ya jirani iliyokufa zamani. Ilikuwa na swichi ya kuwasha kama ile yetu, na ilienea vizuri kwenye tundu.

"Ukiiua hii redio," mama aliniambia, "leo utalala inje."

Umeme haukuwepo, kwa hiyo nilipasha ncha ya chuma kwenye makaa ya mbabula, jiko letu. Miguu ya potansiometa ilikuwa mitatu. Wa katikati haukuwa na shaka. Ile ya pembeni niliilehemu kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia. Mimi ninayeuliza kila kitu sikujiuliza: kushoto ukitazama mbele, au nyuma?

Papa alirudi, akafunga pazia. Tangu watu wenye silaha waanze kupita barabarani kwetu, redio husikilizwa chini chini, maana mtu anaweza kuja kukuuliza unasikiliza nini. Alizungusha kitufe kidogo tu, kama siku zote.

Redio ikanguruma nyumba nzima.

"Punguza!" mama alisema kwa kunong'ona.

Papa alirudisha kitufe nyuma, ikazima kabisa. Akawasha, ikanguruma tena. Akarudisha, ikazima.

Jirani alipaza sauti nyuma ya ukuta: "Papa! Iko ndoa kwenu? Mbona hatukualikwa?"

Hapo nikaelewa. "Papa, niliunga kinyume. Ukitaka kupunguza, zungusha mbele, kama unaongeza."

"Unanichekesha?"

"Hapana, Papa. Leta nifanye."

Aliwasha mara ya tatu. Kabla sijafikisha kidole kwenye kitufe, mtangazaji alitamka jina la marehemu babu, baba yake Papa, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Papa akanikamata mkono.

"Acha! Usiguse!"

"Papa, watasikia."

"Wasikie."

Tulisimama watatu, macho kwenye mlango, masikio kwenye redio. Binti mkubwa wa marehemu, wa Luvungi, anamjulisha mdogo wake wa Nyalukemba kwamba amefika Uvira na wajukuu wote, wako wazima, musihangaike.

Papa akakaa chini palepale sakafuni. Alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka. Nilitaka kumuuliza ujumbe huo ni wa lini.

Mama ndiye aliyeuliza. "Na bwana yake?"

Mtangazaji alikuwa ameshaingia kwenye familia nyingine, watu wa Sange. Papa hakuwa ameachilia mkono wangu.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mara ingine wanarudiliaka, wanasoma tena."

Tulingoja. Zilisomwa familia zote, ya kwetu haikurudiwa, kisha wakaweka muziki, na hakuna kati yetu aliyesogea kuupunguza.